Ukisaini mambo yasiyobishaniwa, mahakama inachukua nini?

MUTANGA SUD, Bujumbura – Mfanyabiashara wa mpakani husaini karatasi nyingi. Anasaini fomu ya forodha Kobero, stakabadhi ya ghala Kigoma, hati ya msafirishaji Manyovu, na daftari la nyumba ya wageni kila anapolala. Akikosea katika nyingi ya hizo, hasara yake ni muda, faini au mzigo wa siku moja.

Ipo karatasi nyingine ambayo wengi hawajawahi kuiona, na wanaoiona huiona wakiwa kizimbani. Inaitwa hati ya mambo yasiyobishaniwa. Ndani yake huandikwa yale ambayo upande wa mashtaka na mshtakiwa wamekubaliana kuwa ni kweli. Mshtakiwa akishaisaini, mashahidi wa mambo hayo hawaitwi tena. Mahakama inayahesabu kuwa yamethibitishwa.

Karatasi hii ina faida yake. Inaokoa muda, na kwa mtu aliye mahabusu ugenini muda ni mali. Lakini ina mipaka yake pia, na mipaka hiyo isipofahamika, mambo madogo aliyoyakubali mtu yanaweza kusomwa kama kwamba amekubali kosa zima. Makala haya yanaeleza jinsi hakimu, jaji na wazee wa baraza wanavyotakiwa kuuchukua ushahidi uliokubaliwa, na jinsi wewe unayevuka mpaka unavyotakiwa kuupima kabla hujaweka sahihi.

Tuchukue mfano

Tuseme yuko mfanyabiashara anayeishi hapa Mutanga Sud, jirani na kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi. Ni mtu wa kufikirika, lakini biashara yake ni ile tunayoijua: anapeleka Kigoma, anarudi na vitenge, mafuta ya kula na vyombo vya plastiki. Huko ana mshirika, Mtanzania, na wamekuwa wakikopeshana kwa miaka.

Usiku mmoja mshirika huyo anakutwa amekufa katika nyumba ya wageni ambamo mfanyabiashara wetu amepanga chumba. Polisi wanamkamata. Anashtakiwa kwa kosa la kuua kwa kukusudia, na shauri linafika Mahakama Kuu. Nchini Tanzania adhabu ya kosa hilo ni kifo.

Kabla mashahidi hawajaanza kuitwa, mahakama inafanya usikilizwaji wa awali. Wakili wa Serikali anasoma muhtasari wa mambo ya kesi. Mshtakiwa, akisaidiwa na wakili wake, anasema lipi analikubali na lipi analikataa. Anakubali mambo matano. Kwanza, kwamba yeye ni raia wa Burundi na ni mfanyabiashara. Pili, kwamba alifika Kigoma siku iliyotajwa na akapanga chumba namba nne. Tatu, kwamba marehemu alikuwa mshirika wake. Nne, kwamba marehemu alifariki usiku ule kwa majeraha ya kichwa, kama inavyosema ripoti ya daktari. Tano, kwamba ramani ya eneo la tukio iliyochorwa na polisi ni sahihi.

Anakataa mawili: kwamba walikuwa na ugomvi wa deni, na kwamba ni yeye aliyempiga.

Sasa mezani kuna mambo matano yaliyokubaliwa na mawili yaliyokataliwa. Wanaosikiliza kesi watayafanyia nini hayo matano?

Hati hii inatoka wapi

Tanzania, utaratibu huu umo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, katika kifungu ambacho mawakili wamekizoea kwa namba 192. Lengo lake ni kuharakisha kesi. Haina maana kumtoa daktari wodini, kumsafirisha na kumlipa posho ili aje kusema kwamba marehemu amefariki, wakati hakuna anayebisha kwamba amefariki.

Kifungu hicho kinaweka masharti. Mambo yaliyokubaliwa yaandikwe katika hati. Hati isomwe na kufafanuliwa kwa mshtakiwa kwa lugha anayoielewa. Kisha isainiwe na mshtakiwa, wakili wake kama anaye, na mwendesha mashtaka. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika uamuzi uliochapishwa kwenye ripoti za sheria za mwaka 1992, ilisema sharti la kusoma na kufafanua ni la lazima. Halitimizwi kwa mahakama kuandika tu kwamba mshtakiwa amekubali.

Uganda nayo ina utaratibu wa namna hiyo katika sheria inayoongoza kesi za Mahakama Kuu. Huko jambo ambalo mara nyingi hukubaliwa ni ripoti ya daktari, iwe ya uchunguzi wa maiti au ya uchunguzi wa aliyejeruhiwa. Uingereza, ambako mfumo huu ulianzia, imekuwa na kanuni hiyo katika sheria ya mwaka 1967: jambo lililokubaliwa rasmi na pande mbili ni ushahidi uliokamilika juu ya jambo hilo.

Sheria za Tanzania na Uganda zote mbili zimeacha mlango mmoja wazi. Kesi ikiwa inaendelea, mahakama ikiona kwamba haki inadai hivyo, inaweza kuagiza jambo lililokwisha kukubaliwa lithibitishwe kwa ushahidi kama mengine. Yaani hata baada ya sahihi, jaji hajafungwa mikono.

Wazee wa baraza ni akina nani

Uingereza kesi nzito husikilizwa na juri, watu kumi na wawili wa kawaida ambao ndio wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Afrika Mashariki wakoloni hawakuwapa Waafrika haki hiyo. Nchini Kenya, kwa mfano, juri iliwekwa kwa ajili ya Wazungu, na Waafrika wakapewa kesi zinazosikilizwa na jaji pamoja na washauri. Washauri hao ndio tunaowaita wazee wa baraza. Wanakaa na jaji, wanasikiliza mashahidi, wanaweza kuuliza maswali ya kupata ufafanuzi, na mwisho kila mmoja anatoa maoni yake. Jaji anayasikia maoni hayo, lakini halazimiki kuyafuata.

Nchi zimekwenda njia tofauti. Kenya iliwaondoa wazee wa baraza mwaka 2007. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2022, na tangu hapo kukaa nao au kutokaa nao ni uamuzi wa jaji. Uganda sheria iliweka kuwa jaji wa Mahakama Kuu akae na wawili au zaidi. Burundi na Kongo hazina wazee wa baraza wa namna hii.

Juu ya kazi yao, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, ile iliyokuwa ikisikiliza rufaa kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, iliweka msingi mwaka 1954 ambao hadi leo majaji wanaurejea. Kwa maneno yetu, msingi huo ni kwamba maoni ya wazee wa baraza yana thamani iwapo tu wameielewa kesi na sheria inayoihusu. Jaji asipowaeleza vizuri, maoni yao hupungua uzito. Tanzania, hukumu kadhaa zimefutwa katika rufaa kwa sababu jaji hakuwaelekeza wazee wa baraza ipasavyo juu ya mambo muhimu ya sheria.

Ushahidi uliokubaliwa ni moja ya mambo yanayohitaji maelekezo hayo. Wazee wa baraza kwa kawaida huchaguliwa kesi inapoanza kusikilizwa, kwa hiyo siku mshtakiwa alipokubali yale matano wao hawakuwepo. Wanayasikia yakisomwa tu. Wasipoelezwa uzito wake, kila mmoja atayapima kwa mizani yake.

Makosa matatu yanayoweza kutokea

Turudi kwenye kesi ya mtu wetu wa Mutanga Sud. Tuseme wapo wazee wa baraza watatu, na kila mmoja ana wazo lake.

Wa kwanza anasema: daktari hakuja, sikumwona wala sikumsikia, hiyo ripoti mimi siihesabu. Huyu amekosea. Daktari hakuja kwa sababu pande zote mbili zimesema hakuna haja ya kuja. Jambo lililokubaliwa lina nguvu ileile ya jambo lililothibitishwa na shahidi aliyeapa na kuhojiwa. Kukosekana kwa shahidi si pengo katika kesi, wala mzee wa baraza hana ruhusa ya kulifungua upya jambo ambalo wenye kesi wenyewe wamelifunga. Ndiyo maana pia hatakiwi kuleta aliyoyasikia sokoni. Kama hati inasema mtu alikufa kwa majeraha ya kichwa, habari za mtaani kwamba alipewa sumu hazina nafasi.

Wa pili anasema: amekubali matano, yamebaki mawili tu, mtu aliyekubali matano hawezi kuwa msafi katika mawili. Huyu amekosea zaidi, na kosa lake ndilo la hatari. Mshtakiwa hakubali mambo kwa sababu ana hatia. Anayakubali kwa sababu ni kweli na hayamdhuru. Asiye na kosa ana kila sababu ya kukubali kwamba alipanga chumba, maana alikipanga. Idadi ya mambo yaliyokubaliwa haipunguzi hata kidogo mzigo wa Jamhuri wa kuthibitisha yaliyobaki bila kuacha shaka. Kama kati ya mambo mia tisini na tisa yamekubaliwa na moja limebaki, na hilo moja ndilo nani aliyeua, basi kesi nzima imesimama juu ya hilo moja.

Wa tatu anasema: amekubali alipanga chumba namba nne, kwa hiyo alikuwa chumba namba nne saa sita ya usiku. Kosa la huyu ni dogo kwa sura, lakini linaweza kumpeleka mtu kwenye kitanzi. Hati inasema amepanga. Haisemi alikuwemo. Mtu anaweza kupanga chumba saa kumi jioni, akaenda mwaloni kusimamia mzigo wake hadi alfajiri. Jambo lililokubaliwa linaishia pale maneno yake yanapoishia. Anayetaka kwenda mbele zaidi alete ushahidi mwingine, labda mhudumu aliyemwona akiingia au jirani aliyesikia sauti yake. Ushahidi huo ukiwepo na ukiaminika, unaweza kuunganishwa na lililokubaliwa, na vyote viwili vikapimwa pamoja. Usipokuwepo, kupanga chumba kunabaki kuwa kupanga chumba.

Kwa hiyo njia iliyo sawa ni hii. Yaliyokubaliwa yachukuliwe kuwa kweli, bila kuyabishia na bila kuyaongezea. Yawekwe upande mmoja. Kisha swali liwe: katika yale ambayo hayakukubaliwa, upande wa mashtaka umeleta nini? Hapo ndipo kazi ya kupima mashahidi inapoanza.

Kuna jambo la mwisho kwa wanaosikiliza kesi. Hati iliyopokelewa kama kielelezo lazima isomwe kwa sauti mahakamani. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imelirudia hili mara nyingi, na vielelezo ambavyo havikusomwa vimekuwa vikiondolewa kwenye kumbukumbu. Sababu iko wazi. Mshtakiwa hawezi kujitetea juu ya karatasi ambayo hajui ndani yake mna nini, na mzee wa baraza hawezi kutoa maoni juu ya asichokisikia.

Kukubali jambo si kukiri kosa

Wafanyabiashara wengi huchanganya mambo manne ambayo mbele ya sheria ni tofauti.

La kwanza ni maelezo unayoyatoa polisi, yale yanayoandikwa baada ya kuonywa. Hayo, hata ukiyasaini, unaweza kuyapinga mahakamani kwamba hukuyatoa kwa hiari. Ukiyapinga, mahakama husimamisha kesi kubwa na kusikiliza kwanza hilo, ambalo wenyewe huliita kesi ndani ya kesi.

La pili ni hili la mambo yasiyobishaniwa. Hapa hukiri kosa. Unasema tu kwamba mambo fulani, yaliyotajwa moja moja, ni kweli.

La tatu ni kukiri kosa lenyewe. Unasomewa shtaka, unajibu kwamba ni kweli, kisha unasomewa maelezo ya kosa na unayakubali yote. Mahakama inakutia hatiani hapohapo. Tanzania, aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe kwa kawaida hana rufaa juu ya hatia yake, anabaki na rufaa juu ya adhabu, isipokuwa aonyeshe kwamba kukiri kwake hakukuwa kamili au hakukuelewa alichokikiri.

La nne ni makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na mwendesha mashtaka, ambayo Tanzania iliyaingiza katika sheria mwaka 2019. Hapo unakiri, na wewe unapata kitu, mathalani shtaka dogo zaidi au kufutiwa baadhi ya mashtaka.

Mtu aliyetoka Bujumbura anaweza kuteleza kutoka la pili hadi la tatu kwa sababu ya lugha tu. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama Tanzania, na hilo ni jema kwetu. Lakini Kiswahili cha Buyenzi na Kiswahili cha mahakama si kitu kimoja. Mtu anaweza kuitikia ndiyo akimaanisha nakusikia, kama anavyoitikia ego nyumbani mkubwa anapozungumza. Kwenye kumbukumbu za mahakama ndiyo hiyo inaandikwa kuwa amekubali. Ndiyo maana sheria inataka hati isomwe na kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Kama lugha hiyo ni Kirundi, omba mkalimani wa Kirundi, na uombe mapema. Si aibu.

Forodhani mambo ni makali zaidi

Wengi wetu hatutafika Mahakama Kuu kwa kesi ya kuua, Mungu atuepushie. Kesi zetu ni za mizigo, na husikilizwa na hakimu peke yake bila wazee wa baraza. Hakimu huyo ndiye anayeamua mambo ya kweli na ndiye anayeamua sheria. Utaratibu wa mambo yasiyobishaniwa upo kwake pia, na kanuni za kuuchukua ushahidi huo ni zilezile.

Lakini kuna jambo moja kwenye forodha linalobadilisha hesabu. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo Burundi ilianza kuifuata ilipoingia katika Umoja wa Forodha mwaka 2009, ina kifungu cha 223. Kifungu hicho kinasema kwamba katika kesi chini ya sheria hiyo, mwenye jukumu la kuthibitisha bidhaa zimetoka wapi, kwamba ushuru halali umelipwa, au kwamba bidhaa ziliingizwa kihalali, ni yule anayeshtakiwa.

Angalia maana yake. Tuseme lori limekamatwa barabara ya Manyovu likiwa na mabalo ya vitenge. Mshtakiwa anaulizwa kama anakubali kwamba mabalo yale ni yake. Katika kesi ya wizi, kukubali kwamba mali ni yako kunakusaidia. Katika kesi ya forodha, ukikubali kwamba mzigo ni wako, mzigo wa kuthibitisha nao unakuangukia. Sasa ni wewe utakayeonyesha nyaraka za ushuru na cheti cha asili ya bidhaa. Kama unazo, kubali kwa amani na uzitoe. Kama hazipo, au ziko kwa wakala wako Bujumbura, usikubali lolote kabla hujazungumza na wakili.

Hapa hakimu naye anapaswa kukumbuka mpaka. Kukubali umiliki wa mabalo si kukubali kwamba yalifichwa. Kukubali kwamba hati ya ukamataji mali ni sahihi, yaani kwamba polisi au maofisa wa forodha walikamata mabalo kadhaa mahali fulani, si kukubali kwamba uliyaingiza kwa magendo. Na dereva aliyekubali kwamba alikuwa anaendesha lori hajakubali kwamba alijua kilichomo ndani ya mabalo.

Sheria hiyohiyo ya forodha ina njia nyingine katika kifungu cha 219. Kamishna wa forodha anaweza kulimaliza shauri bila kwenda mahakamani, ikiwa mhusika amekubali kwa maandishi kwamba ametenda kosa na ameomba shauri limalizwe namna hiyo. Analipa faini, na mambo yanakwisha. Wengi huipenda njia hii kwa sababu ni ya haraka na gari linaachiwa. Lakini soma vizuri unachokisaini. Hapo husaini mambo yasiyobishaniwa, unasaini kwamba umetenda kosa. Amri inayotoka ni ya mwisho, haina rufaa, na inaweza kutekelezwa kama amri ya Mahakama Kuu. Kwa aliyekosea kweli na anataka kurudi kazini, inaweza kuwa njia nzuri. Kwa ambaye hakukosea, ni kununua hatia kwa fedha yake mwenyewe.

Kwetu Burundi

Burundi na Kongo zilirithi mfumo wa sheria kutoka Ubelgiji, na huko mambo yanakwenda kwa njia nyingine. Hakuna juri ya watu kumi na wawili, na hakuna hati ya mambo yasiyobishaniwa kwa sura ile ya Tanzania. Kilichopo ni jalada. Mpelelezi anakuhoji, anaandika, unasaini, na ile karatasi ya mahojiano, ambayo mjini hapa kila mtu anaiita PV, inasafiri pamoja na jalada hadi kwa majaji. Majaji wanaipima pamoja na ushahidi mwingine wote, kwa dhamira yao, na wanatakiwa kueleza sababu za uamuzi wao.

Kwa hiyo aliyezoea mahakama za Bujumbura akifika Kigoma au Kampala anaweza kudhani kwamba aliyoyasaini yatapimwa baadaye, kama PV inavyopimwa. Sivyo. Mambo yasiyobishaniwa hayasubiri kupimwa, yamekwisha kuthibitika siku ile uliyosaini. Na Mtanzania aliyezoea mahakama za kwao akifika Bujumbura anaweza kuisaini PV harakaharaka, akidhani atapata siku yake ya kusema lipi anakubali na lipi anakataa kabla kesi haijaanza. Naye atashangaa.

Jumuiya yetu imeunganisha forodha. Haijaunganisha kanuni za ushahidi wa jinai. Ukivuka mpaka na mzigo, sheria ya ushuru ni ileile, lakini sheria ya namna ya kukuhukumu imebadilika.

Kabla ya kuweka sahihi

Kwanza, omba hati isomwe yote, jambo moja baada ya jingine, kwa lugha unayoielewa. Kila jambo lijibu peke yake. Usijibu kwa mkupuo.

Pili, kwa kila jambo jiulize: hili ni kweli, na ninalijua mwenyewe? Mengine ni kweli lakini wewe huyajui. Kama hukuwepo marehemu alipokufa, unaweza kukubali kwamba amefariki, lakini huna sababu ya kukubali alivyofariki mpaka wakili wako ameisoma ripoti ya daktari. Una haki ya kutaka daktari aitwe aulizwe.

Tatu, angalia maneno. Alikuwa na mzigo, alikutwa na mzigo, na alimiliki mzigo ni mambo matatu. Kama neno moja si sahihi, sema lirekebishwe kabla ya kusaini.

Nne, uliza: nikilikubali hili, linabaki nini la kuthibitisha? Kama jibu ni kwamba halibaki kitu, basi hilo si jambo dogo lisilobishaniwa. Hilo ndilo kosa lenyewe.

Tano, usiwe peke yako. Katika mashtaka ya kuua, Tanzania humpatia mshtakiwa asiye na uwezo wakili kwa gharama ya Serikali. Na mgeni aliyekamatwa ana haki, chini ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963, ya kutaka ubalozi wa nchi yake ujulishwe. Kigoma kuna ubalozi mdogo wa Burundi. Ndugu wa aliyekamatwa asisubiri kesi ianze ndipo aende kugonga pale.

Kukataa kila kitu nako si ujanja. Mshtakiwa anayekataa hata jina lake anajichosha, anaichosha mahakama, na anakaa mahabusu miezi ya ziada akisubiri mashahidi wa mambo ambayo hakuna anayeyabisha. Aliye na kesi nzuri hufaidika kukubali yale yaliyo kweli, ili wanaosikiliza waelekeze masikio yao yote kwenye lile analolikataa. Mfanyabiashara wetu wa mfano alifanya vema kukubali kwamba alipanga chumba namba nne. Sasa ni juu ya jaji na wazee wa baraza kukumbuka kwamba hicho ndicho alichokikubali, na hakuna zaidi.